MASHINE INAYOTUNGA DAWA PUNJE KWA PUNJE

Ukiuliza dawa hutengenezwaje, wengi watakutajia mashine ile inayoonyeshwa kwenye televisheni: unga unaingia huku, vidonge vinatoka kule, vinapangwa kwenye karatasi zake na kutiwa katika maboksi. Hiyo ni kazi ya mwisho. Mashine ya namna hiyo haitengenezi dawa, bali huifinyanga na kuifungasha. Dawa yenyewe, yaani kile kitu kinachotibu ndani ya kidonge au ndani ya kichupa cha sindano, imekwisha kutengenezwa zamani, na mara nyingi katika nchi nyingine kabisa.

Kazi hiyo ya mwanzo wanakemia huiita usanisi. Maana yake ni kuchukua vitu vidogo vya kemia na kuviunganisha hatua kwa hatua mpaka vipate umbo linalotakiwa. Kwa miaka mingi ilikuwa kazi ya mikono: mtaalamu amesimama mbele ya chupa zake, anachanganya, anapasha moto, anachuja, anakausha, anapima, kisha anaanza hatua nyingine. Makala haya yanaeleza jinsi sehemu ya kazi hiyo ilivyokabidhiwa mashine, na kwa nini jambo hilo linamgusa mama anayejifungua Tanga au Mombasa na mzee anayejidunga sindano ya kisukari kila asubuhi.

Tasbihi yenye rangi ishirini

Chukua mfano wa tasbihi. Kuna uzi mmoja na punje zilizofuatana. Sasa fikiria kwamba punje hizo ziko za rangi 20, na kwamba kila tasbihi ina mpangilio wake ambao haukubali kosa: nyekundu, kisha kijani, kisha kijani tena, kisha bluu. Ukikosea punje moja, tasbihi haifai. Hivyo ndivyo zilivyojengwa protini za miili yetu, na ndugu zao wadogo wanaoitwa peptidi. Punje hizo ni asidi amino, nazo ziko aina 20. Homoni ya oksitosini ina punje 9 tu. Insulini inazo 51, katika nyuzi mbili zilizofungamana, mmoja wa punje 21 na mwingine wa punje 30.

Oksitosini ndiyo inayoufanya mfuko wa uzazi ukaze. Mtoto akishatoka, mfuko usipokaza, damu humwagika, na mama anaweza kufa kwa muda mfupi hata kama uzazi wenyewe ulikuwa wa kawaida. Ndiyo maana mkunga huchoma sindano mara tu mtoto anapozaliwa. Hapo zamani homoni hii ilitolewa kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo wa wanyama waliochinjwa, ng'ombe na nguruwe. Mwaka 1953 Vincent du Vigneaud na wenzake katika chuo cha udaktari cha Cornell, New York, waliijenga oksitosini kwa kemia, punje zote 9, ikafanya kazi sawasawa na ile ya mnyama. Miaka miwili baadaye alipewa Tuzo ya Nobel.

Insulini nayo tangu miaka ya 1920 ilitoka kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Ya nguruwe inatofautiana na ya binadamu kwa punje moja tu, ya ng'ombe kwa punje tatu. Kwa kuwa ya nguruwe inakaribiana zaidi na yetu, ilitumika sana. Mnaelewa, wanafunzi, uzito wa jambo hilo katika nyumba ya Muislamu. Mgonjwa asipopata sindano atakufa, na sindano imetoka kwa nguruwe. Wanazuoni wana maneno yao juu ya hukumu ya dharura, na hayo waulizwe wao. Hapa tunasema tu kwamba suala hilo halikuwa la vitabuni, lilikuwa la kila siku asubuhi kabla ya chai.

Je, insulini nayo isingeweza kujengwa kwa kemia kama oksitosini? Iliweza. Wanasayansi wa China katika miji ya Shanghai na Beijing walianza kazi hiyo mwaka 1958, wakafanikiwa kupata insulini ya ng'ombe mwaka 1965. Miaka saba, na timu kubwa ya watu, kwa punje 51.

Tatizo lilikuwa wapi

Kila unapounganisha punje mbili ndani ya chupa, hubaki pia takataka: punje ambazo hazikuungana, kemikali zilizozidi, na vitu vingine vilivyozaliwa bila kutakiwa. Lazima usafishe kabla ya kuongeza punje ya tatu. Kusafisha huko kulichukua muda mrefu kuliko kuunganisha kwenyewe, na kila mara kidogo cha mali yako kilipotea. Aidha, uzi ukirefuka huwa mgumu kuyeyuka, basi kazi inazidi kuwa nzito kadiri unavyokaribia mwisho.

Bruce Merrifield, Mmarekani aliyezaliwa Texas mwaka 1921, alikuwa akifanya kazi hiyo katika Taasisi ya Rockefeller, New York, na alikuwa amechoka nayo. Mwaka 1959 aliandika katika daftari lake la maabara kwamba panahitajika njia ya haraka, na ya mashine, ya kujenga peptidi ndefu. Wazo lake, ukishalisikia, utashangaa kwa nini hakuna aliyelifikiria kabla. Badala ya kuuacha uzi uelee ndani ya maji ya kemikali, aliufunga mwanzo wake kwenye chembe ndogo ya plastiki ya polistireni, ndugu ya ile inayotengenezewa vikombe vyeupe vya kutupa. Chembe ni ndogo kama mchanga laini, na kila moja hubeba nyuzi nyingi mno. Chembe haziyeyuki. Kwa hiyo unapotaka kusafisha, huna haja ya mbinu nyingi: chuja, mwaga maji machafu, suuza chembe mara kadhaa, na uzi wako umebaki palepale kwenye chembe yake. Ni kama kuosha mchele.

Tuitazame hatua moja kwa karibu, kwa kuwa humo ndimo ulipo ufundi. Kila punje ya asidi amino ina ncha mbili zinazoweza kuungana. Ukiziacha zote mbili wazi, punje zitaungana ovyo ovyo. Basi punje mpya huingia ikiwa imevikwa kifuniko kwenye ncha moja. Inaungana na uzi kwa ncha iliyo wazi, na kifuniko kinazuia nyingine isiongezeke juu yake. Unasuuza. Unatia asidi inayoondoa kifuniko. Unasuuza tena. Sasa uzi uko tayari kupokea punje inayofuata. Ni hayo hayo: vua kifuniko, suuza, ongeza punje, tikisa, suuza. Mwisho wa yote unatia kemikali kali inayokata uzi kutoka kwenye chembe. Siku zile walitumia floridi ya haidrojeni, ambayo ni hatari kubwa, inakula hata kioo. Baadaye zilipatikana njia za upole zaidi, na ndizo zinazotumika sana leo.

Merrifield alichapisha njia yake mwaka 1963, kwa mfano mdogo wa punje nne. Baadhi ya wanakemia hawakupendezwa. Walisema huwezi kuruka kutoka hatua hadi hatua bila kutoa kitu chako nje, kukisafisha, na kuhakikisha ni chenyewe. Pingamizi hilo lilikuwa na haki ndani yake, na tutalirudia.

Pipa lenye vijiti

Kazi ikishakuwa ya kurudia rudia jambo lile lile, na yote inafanyika ndani ya chombo kimoja, mashine inaweza kuifanya. Mwaka 1965, yeye na mwenzake John Stewart waliijenga mashine hiyo katika chumba cha chini cha nyumba ya Merrifield. Naam, nyumbani kwake. Ilikuwa na chombo cha kioo kinachotikisika, pampu, vali ya kuzunguka inayochagua chupa, na safu ya chupa za asidi amino. Ubongo wake haukuwa kompyuta. Ulikuwa pipa dogo lililochomekwa vijiti na kuzunguka taratibu. Kijiti kikigusa swichi, pampu inawaka au vali inafunguka. Ukitaka kubadilisha maelekezo, unahamisha vijiti.

Mashine iliongeza takriban punje 6 kwa siku nzima ya saa 24, usiku na mchana, wenyewe wamelala. Nyuzi za insulini sasa zilijengwa kwa siku, si kwa miaka. Mwaka 1969 Merrifield na Bernd Gutte walitangaza kwamba wamejenga kimeng'enya kinachoitwa ribonyukliezi, chenye punje 124. Kazi hiyo ilihitaji mimenyuko ya kemia 369 na hatua 11,931 za mashine: kufungua, kutia, kutikisa, kumwaga. Hebu fikiria mtu mmoja akizifanya zote kwa mkono bila kusahau hata moja. Mwaka 1984 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia peke yake. Alifariki mwaka 2006.

Hesabu ndogo yenye maana kubwa

Sasa turudi kwenye lile pingamizi. Wanafunzi wa madarasa ya juu mchukue kalamu.

Tuseme kila muungano unafanikiwa kwa asilimia 99. Unaona ni alama nzuri sana, mwalimu yeyote angekupa zawadi. Kwa oksitosini yenye miungano 8, zidisha 0.99 kwa yenyewe mara nane, utapata kama 0.92. Yaani kati ya nyuzi 100, 92 ziko sahihi. Vizuri. Lakini kwa kimeng'enya cha punje 124 unazidisha mara 123, na jibu ni kama 0.29. Nyuzi 71 kati ya 100 zina kasoro mahali fulani. Mafanikio yakishuka hadi asilimia 95, uzi wa punje 36 tu unabaki na nyuzi 17 nzima kati ya 100. Na ubaya ni kwamba nyuzi mbovu nazo zimefungwa kwenye chembe zile zile, hazitoki kwa kusuuza. Uzi uliokosa punje moja unafanana sana na ulio mzima, kama mapacha. Kuwatenganisha mwishoni ni kazi ngumu na ya gharama.

Kwa hiyo mashine haikumwondoa mtaalamu maabara. Ilimhamisha tu. Zamani alitumia siku zake kuunganisha na kusafisha kila hatua, sasa anazitumia kuchunguza kilichotoka: je, ni hiki tulichoagiza? Mtu anayedhani kwamba kwa kuwa mashine imefanya basi ni sahihi, huyo hafai kukabidhiwa dawa za watu.

Viwanda viliijua hesabu hiyo. Mfano ni enfuvirtaidi, dawa ya sindano ya kupambana na virusi vya UKIMWI iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003. Ina punje 36, na kuitengeneza kulihitaji hatua 106. Hawakuujenga uzi wote kwa mkupuo. Walijenga vipande vitatu kwenye chembe, wakavisafisha, kisha wakaviunganisha ndani ya chupa kwa njia ya zamani. Hata hivyo bei yake ilifika takriban dola 20,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, na ilidungwa mara mbili kwa siku. Mashine inaweza kurahisisha kazi bila kuirahisisha bei. Aidha kuna suala la uchafu: kusuuza kote kule hutumia viyeyushi vingi, vingine vya sumu, na kwa kilo moja ya peptidi ndefu vinaweza kufikia tani kadhaa. Vyote hivyo lazima vitupwe au vichomwe kwa uangalifu.

Insulini iliishia wapi? Haikuishia kwenye mashine ya Merrifield, kwa sababu ya hesabu ile ile. Mwaka 1978 wanasayansi wa California walijenga kwa kemia vipande vya DNA vyenye maelekezo ya kutengeneza insulini ya binadamu, wakavitia ndani ya bakteria, na bakteria wakaitengeneza. Mwaka 1982 iliidhinishwa kuuzwa Marekani. Hivyo kemia haikujenga insulini yenyewe, ilijenga barua ya maelekezo. Leo insulini iliyo nyingi kabisa duniani hutoka kwa bakteria au hamira, na mgonjwa wa Kiislamu hana tena haja ya kuuliza swali lile la nguruwe kila asubuhi. Kujenga vipande vya DNA nako kulipata mashine zake, kwa kufuata wazo lile lile la kufunga mwanzo wa uzi kwenye kitu kigumu, na njia aliyoileta Marvin Caruthers mwaka 1981 ndiyo inayotumika hadi sasa. Vipimo vya maabara vya KORONA vilivyofanywa duniani kote kuanzia mwaka 2020 vilitegemea vipande vifupi vya DNA vilivyotungwa na mashine za namna hiyo.

Punje iliyobadilishwa makusudi

Faida kubwa ya kujenga kwa kemia ni kwamba unaweza kuweka punje ambayo haipatikani kwa mnyama yeyote. Turudi kwa mama anayejifungua. Oksitosini huharibika kwa joto, inatakiwa ikae kwenye jokofu kati ya nyuzijoto 2 na 8. Katika zahanati ambayo umeme hukatika, kichupa kinaweza kuonekana kizima ilhali dawa imekwisha nguvu, na mkunga hajui mpaka damu isipokatika.

Wanakemia walitengeneza ndugu yake aitwaye kabetosini. Ni oksitosini iliyobadilishwa mahali pachache: kundi moja la mwanzoni limeondolewa, salfa moja imewekewa kaboni badala yake, na punje moja imeongezewa kijipande. Mabadiliko hayo, pamoja na utayarishaji maalumu wa kichupa, yamewezesha kupatikana kabetosini isiyohitaji jokofu, inayostahimili nyuzijoto 30 kwa miaka mitatu. Shirika la Afya Duniani liliijaribu kwa akina mama karibu 30,000 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwemo. Matokeo yalitolewa mwaka 2018: katika kuzuia damu kupotea baada ya uzazi wa kawaida, haikuwa nyuma ya oksitosini iliyotunzwa vizuri. Kuhusu wale wachache wanaopoteza damu nyingi sana, lita moja na zaidi, utafiti haukutosha kuthibitisha hivyo.

Dawa zisizo tasbihi

Dawa nyingi tunazomeza, kama za kichwa au mafua, si nyuzi za punje. Ni molekuli ndogo, kila moja na umbo lake na njia yake ya kujengwa. Hapa mashine imechelewa sana, kwani hakuna hatua moja ya kurudiwa.

Mwaka 2016 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha mtambo wenye ukubwa wa jokofu. Kemikali hupita ndani ya mirija myembamba, zinakutana, zinapashwa moto, na upande wa pili inatoka dawa. Walitengeneza dawa nne kwa kubadilishana, mojawapo ni lidokaini, ile ya ganzi. Mwaka 2018 timu ya Lee Cronin wa Chuo Kikuu cha Glasgow ilichukua vyombo vya kawaida vya maabara, ikaviunganisha kwa pampu na kuviongoza kwa kompyuta, ikatengeneza dawa tatu bila mtu kugusa chupa.

Ugumu wao mkubwa, cha ajabu, ulikuwa wa lugha. Wanakemia huandika kama mama zetu wanavyoeleza pilau: chumvi kiasi, moto wa wastani, koroga mpaka itoshe. Mwenye uzoefu anaelewa, kompyuta haielewi. Ilibidi itungwe programu ya kuandikia kila jambo kwa kipimo. Si fikra ngeni. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita Abu Bakr al-Razi, tabibu aliyezaliwa Rayy, aliandika Kitab al-Asrar, akaorodhesha vitu vya kemia, vyombo vya maabara kama tanuri na al-anbiq ya kukenekea, kisha namna za kuvitumia. Kitabu kile ni cha mtu anayetaka mwingine aweze kuyafanya aliyoyafanya.

Na si kila mara mashine hushinda. Artemisinini, iliyo chimbuko la dawa mseto ya malaria, hutoka kwenye mmea wa Artemisia annua, unaolimwa China, Vietnam na hapa Afrika Mashariki. Mwaka 2012 Peter Seeberger na mwenzake huko Potsdam, Ujerumani, walipitisha kitu kinachokaribiana nayo ndani ya mrija uliozungushiwa taa, pamoja na oksijeni, na ndani ya dakika 4 na nusu mwanga ukafanya kazi yake na artemisinini ikapatikana. Mwaka uliofuata kampuni ya Sanofi ilianza kuizalisha kiwandani Italia kwa kutumia hamira na mwanga. Wakulima wa mmea huo waliingiwa na hofu, na walikuwa na sababu. Lakini mavuno yalikuwa mengi, bei ya artemisinini ya shambani ikashuka hadi chini ya dola 250 kwa kilo, na ya kiwandani haikuweza kufika huko. Mwaka 2015 kiwanda hicho hakikutoa hata kilo moja ya artemisinini, kisha kikauzwa. Dawa mseto iliyopo madukani leo, kwa sehemu kubwa kabisa, bado inaanzia kwenye majani yaliyokaushwa juani.